Mtunzaji Akiwa Ndiye Mwizi

Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, mbele ya wanachama na wazee wa Migori na Homa Bay



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme leo juu ya jambo ambalo kwa desturi husemwa kwa kunong'ona, nyuma ya nyumba, baada ya wageni wa matanga kwenda zao. Jambo lenyewe ni la mtu aliyekabidhiwa mzee, au mgonjwa, au kipofu, au yatima, ili amtunze, naye akaila mali ya yule anayemtunza. Mwizi mgeni akiingia bomani usiku twampigia yowe, na kijiji kizima hutoka. Mwizi huyu hatumpigii yowe, kwa kuwa ni ndugu yetu, na tena ndiye anayeteka maji na kuwasha moto asubuhi.

Mwaka 1923 wazee wa Nyanza, pamoja na Askofu Mdogo Owen, walipounda chama cha ustawi cha walipa kodi wa Kavirondo, malalamiko yao yalikuwa juu ya wakubwa wa nje: kodi, kipande, na kazi za kulazimishwa. Walikuwa na haki kulalamika. Lakini malalamiko yanayoletwa mbele ya meza ya karani siku hizi, kwa sehemu kubwa, hayahusu watu wa nje. Yanahusu ami, mjomba, mjukuu, mke wa mwana, na kijana wa kuajiriwa anayelala jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema Waswahili, na nguo hiyo twaifua wenyewe.

Yafaa kwanza tukumbuke namna tulivyofika hapa. Maradhi ya UKIMWI yalitupiga sisi wa kando ya ziwa kuliko sehemu nyingine za Kenya. Serikali iliyatangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999, na hata katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018, Homa Bay ilionekana kuwa na watu wazima wenye virusi asilimia 19.6, hali nchi nzima ilikuwa asilimia 4.9. Dawa zimeokoa wengi, nasi twashukuru. Lakini kizazi kizima cha akina baba na akina mama kilikwisha kuzikwa kabla ya dawa kuenea, wakaachwa watoto mikononi mwa nyanya zao. Sasa nyanya hao wamezeeka, na watoto wale waliolelewa ndio wanaowatunza. Basi katika boma moja waweza kukuta mambo mawili pamoja: yatima aliyedhulumiwa shamba la baba yake na ami, na nyanya anayedhulumiwa posho yake na yatima huyo huyo aliyekua. Hatusemi kwamba la pili limesamehewa na la kwanza. Twasema tu kwamba yameonekana.

Posho hiyo nayo ina historia yake. Mwaka 2004 Serikali ilianza kwa majaribio mpango wa kuwapa fedha walezi wa mayatima. Kuanzia mwaka 2007 wilaya za Homa Bay, Suba na Migori, kama zilivyokuwa zikiitwa, zilikuwa miongoni mwa wilaya saba ambamo mpango huo ulichunguzwa kwa makini ili ijulikane kama unafaa. Mlezi alipewa shilingi 1,500 kwa mwezi, baadaye zikawa 2,000. Kisha mwaka 2018 wazee wote wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni wakaingizwa katika malipo kama hayo. Hapana shaka fedha hizi zimewalisha wengi na kuwapeleka watoto shule. Lakini mzee asiyeona vizuri, au asiyeweza kutembea hadi sokoni, hana budi kumtuma mtu. Humpa kadi, na pamoja na kadi humpa nambari ya siri. Hapo mlango umefunguliwa. Vivyo hivyo simu: mjukuu ndiye anayesoma ujumbe, ndiye anayejua kilichoingia na kilichotoka, naye humwambia nyanya kwamba mwezi huu fedha zimechelewa.

Na si fedha za Serikali peke yake. Tuseme kuna mjane wa Awendo mwenye ekari chache za miwa. Malipo ya miwa yakitoka, anayekwenda kuyachukua ni shemeji. Au mvuvi wa Mbita aliyepooza upande mmoja, mashua yake iko majini kila usiku na samaki wanauzwa kila asubuhi, lakini yeye hula ugali na chumvi. Au mtoto wa marehemu mwalimu ambaye malipo ya utumishi wa baba yake yalipokelewa na mtu mzima wa ukoo, nyumba ya mabati ikajengwa, ila si kwa mama yake mtoto. Kila mmoja wetu aliyeketi hapa akifikiri kidogo, atalikumbuka boma moja. Hatutamtaja mtu kwa jina, wala haifai kumtaja.

Sasa sheria yasemaje? Wengi wetu hudhani kwamba mambo haya ni ya nyumbani tu, na kwamba polisi hawana kazi nayo. Hilo si kweli asilani. Tumeisoma Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 63 ya sheria za Kenya, nasi twapenda kuwaeleza wazee sehemu zake chache kwa maneno mepesi.

Kifungu cha 268 chasema kwamba kuiba si kuchukua tu. Ni pia kugeuza kitu cha mwenzio, kwa hila, kukitia katika matumizi mengine yasiyo ya mwenyewe. Kwa hiyo aliyepewa kadi kwa ruhusa kamili ya mzee anaweza kuwa mwizi bila kunyang'anya kitu. Ruhusa ya kushika kadi si ruhusa ya kunywea pombe. Tena kifungu hicho kina neno moja ambalo twaomba kila kijana alisikie. Kwa habari ya fedha, mtu akizitumia kama apendavyo yeye, ingawa moyoni alikusudia kuzirudisha baadaye, kusudi hilo halimwokoi. Ule udhuru tuusikiao kila mara, "nilikopa tu, ningerudisha baada ya mavuno," hata mtu akiusema kwa kweli, sheria iliufunga mlango wake zamani. Na kifungu cha 272 chaongeza kwamba fedha zilizopokewa kwa niaba ya mwingine zahesabiwa kuwa ni mali ya yule ambaye zilipokewa kwa ajili yake. Shemeji akitoka kituo cha kulipia na malipo ya miwa mfukoni, mfuko ni wake lakini fedha si zake.

Adhabu je? Wizi wa kawaida, kwa kifungu cha 275, waweza kumpatia mtu kifungo cha miaka 3. Lakini mtumishi anayemwibia mwajiri wake, kwa kifungu cha 281, aweza kufungwa miaka 7. Na mtu aliyekabidhiwa mali ili aihifadhi, au aifikishe kwa mtu fulani, au aliyeipokea kwa ajili ya mwingine, akaiiba, huyo naye kwa kifungu cha 283 aweza kufungwa miaka 7. Hiyo ni mipaka ya juu. Hakimu huangalia kila kesi na huweza kutoa pungufu. Hata hivyo wazee na watazame hesabu yenyewe. Waliotunga kanuni hii waliona kwamba kuibiwa na mtu uliyemwamini ni zaidi ya mara mbili ya kuibiwa na mpita njia. Nasi hatuoni kwamba walikosea. Mpita njia huibia sanduku. Mtunzaji huiba na sanduku na usingizi wa mwenye sanduku.

Huko Uingereza, walikotoka wale walioileta kanuni hii kwetu, wamekwenda mbele zaidi. Tangu sheria yao ya udanganyifu ya mwaka 2006, mtu aliyewekwa mahali pa kulinda maslahi ya fedha ya mwenzake, akapatumia vibaya mahali hapo, aweza kufungwa hadi miaka 10, hata kama hakuchukua kwa mkono bali alinyamaza tu pale alipopaswa kutenda.

Kanuni yetu yasema jambo jingine ambalo watu hulisahau. Mwenye kumtunza mtu asiyeweza kujiondoa katika utunzaji huo, kwa sababu ya umri, au ugonjwa, au akili, anao wajibu wa kumpatia mahitaji ya maisha. Mtu akila posho ya mzee na mzee akadhoofika kwa njaa, basi tumekwisha toka katika habari ya fedha, tumeingia katika habari ya uhai.

Mali ya marehemu ina sheria yake: Sheria ya Urithi, iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981. Kifungu cha 45 chakataza mtu yeyote kuigusa, kuiuza au kuitwaa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Mwenye kuvunja hilo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka 1, au yote mawili, na tena atadaiwa kile alichokitwaa. Hata msimamizi wa mirathi aliye na hati halali, akizembea kwa makusudi, kifungu cha 95 kina adhabu ya namna hiyo hiyo kwa ajili yake. Ardhi ya marehemu haiwezi kuuzwa na msimamizi kabla hati haijathibitishwa na mahakama. Na hati iliyopatikana kwa kuificha mahakama ukweli, kwa mfano kwa kutowataja watoto, yaweza kufutwa chini ya kifungu cha 76.

Hapa twaomba ruhusa ya wazee tuseme tunavyoona sisi. Mtu akiiba ng'ombe wa jirani, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 278, yaweza kumpeleka gerezani miaka 14. Mtu huyo huyo akiuza zizi lote la ng'ombe wa marehemu ndugu yake, watoto wakabaki na kamba tupu, akashitakiwa kwa Sheria ya Urithi peke yake, faini yake ya juu kabisa haitoshi kununua mtamba mmoja mwema katika mnada. Shilingi 10,000 za mwaka 1972 zilikuwa mali nyingi. Za leo ni karo ya muhula, pengine hazifiki. Halmashauri yetu yaona kwamba waheshimiwa wabunge wa kaunti zetu mbili wapaswa kuandikiwa barua juu ya kifungu hicho cha 45, na barua hiyo itasomwa mbele yenu kabla haijapelekwa.

Wako watakaosema: hizi ni sheria za Wazungu, sisi tuna desturi zetu. Sawa, na tuzitazame hizo desturi. Kwa Wajaluo, mwanamume aliyemrithi mjane hakuwa mwenye boma. Watoto aliowazaa humo walikuwa watoto wa marehemu, na shamba lilikuwa la wana wa marehemu. Yeye alikuwa mlinzi, na wazee walimtazama. Ndugu zetu Wakuria na Wasuba wanazo kanuni zao juu ya mali ya yatima, na wazee wao wamo humu, watatueleza wenyewe vizuri kuliko sisi. Yule anayeuza shamba la yatima akijifunika kwa jina la mila, hana mila; ana wanunuzi. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Jamaa ndio waliotangulia kutajwa.

Tumefika sasa mahali pagumu, ambapo twaona si haki kupita kwa haraka. Kwa nini wenye kudhulumiwa hawashitaki? Si kwa kutojua tu. Yuko mama mzee mmoja aliyekuja kwa karani, akaeleza habari yote, miezi yote, akahesabu kwa vidole. Tulipochukua kalamu ili tuandike, alituzuia mkono. Alituuliza: "Mkimfunga, nani atanipeleka chooni usiku?" Hatukuwa na jibu. Wanasheria wana jibu la miaka 7, lakini swali lake lilikuwa la usiku ule. Ndugu wanachama, hapo ndipo ilipo siri ya wizi huu. Mwizi amemshika aliyeibiwa kwa mkono mmoja na chakula kwa mkono wa pili. Adhabu ikiwa peke yake yaweza kumwangukia yule tuliyetaka kumwokoa.

Kwa sababu hiyo ni vizuri mjue kwamba mahakama ina njia nyingine zaidi ya kufunga mlango wa gereza. Hakimu aweza kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyedhulumiwa. Tena iko Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, ambayo kwayo mtu ambaye kosa lake lastahili kifungo kisichozidi miaka 3, kwa jinsi hakimu aonavyo, aweza kutumikia adhabu yake kwa kazi ya jamii, akirudi kwake jioni. Ofisa wa probesheni huulizia habari za nyumbani kabla ya hukumu. Wazee wakiulizwa na ofisa huyo, na waseme kweli juu ya hali ya mzee: nani mwingine yuko bomani, mzee anakula nini, anaogopa nini. Maneno hayo huenda yakawa na faida kuliko fedha za wakili.

Lakini kuna njia moja ambayo hatuna budi kuwaonya wazee wetu, kwa heshima yote. Ni ile ya kuketi chini ya mti, mkosaji akaleta mbuzi na kreti ya soda, mbuzi akaliwa na waamuzi, na mambo yakafunikwa. Katiba, katika kifungu cha 159, yakubali kabisa upatanisho na njia za jadi, mradi zisivunje haki za watu. Lakini kupatanisha ni jambo moja, na kupokea faida ili kosa kubwa lifichwe ni jambo jingine. Kanuni ya Adhabu yamhesabu huyo mwenye kupokea kuwa mkosaji naye. Mbuzi huyo, kama ataletwa, ni wa aliyeibiwa. Na mali iliyoliwa irudishwe kwake mbele ya mashahidi, si kwa ahadi.

Ushahidi nao ni shida. Kesi nyingi za namna hii haziendi mbali kwa sababu hakuna karatasi. Mzee asema alipewa shilingi 500, mtunzaji asema alimpa zote 2,000, nao walikuwa wawili tu chumbani. Karani apenda karatasi, mtasema, na ni kweli twaipenda. Lakini daftari la shilingi 50 limewahi kumaliza ugomvi ambao mikutano mitatu ya ukoo haikuweza. Kila posho ikiingia, iandikwe siku, kiasi, aliyeipokea, na ilivyotumika, na jirani mmoja atie sahihi au kidole gumba. Mtunzaji mwaminifu hatachukizwa na daftari. Ndilo litakalomlinda siku atakapokuja mwana wa mzee kutoka Nairobi na maneno makali. Na wako watunzaji waaminifu wengi, wasichana walioacha shule kumwogesha nyanya, ambao hatuwataji vya kutosha katika ripoti hizi.

Mahali penye mtoto mwenye urithi, Sheria ya Urithi yataka wasimamizi wasiwe mmoja, bali wawili au zaidi, kwa kuwa mali ya mtoto ni amana ya kuendelea. Msikubali ami mmoja ashike hati peke yake kwa kuwa ana nauli ya kwenda mahakamani. Barua ya chifu, inayotaja warithi, itaje wote: binti walioolewa, na watoto wa mke mdogo pia. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa akili, Sheria ya Afya ya Akili yaruhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali yake, naye ni lazima atoe orodha ya mali katika muda wa miezi 6. Mahakama haziko mbali kama zamani. Mahakama Kuu iko Homa Bay na iko Migori. Mahakimu wako Oyugis, Ndhiwa, Mbita, Rongo na Kehancha. Kwa mtoto anayedhulumiwa, iko nambari 116 isiyo na malipo, na ofisa wa watoto yuko katika kila kaunti.

Sasa twarudi kwa swali la yule mama, kwa sababu Halmashauri imeona kwamba chama hiki kisipolijibu, hotuba hii haina kazi. Mfuko wetu wa mazishi ni wenye nguvu kuliko mifuko yetu yote. Mwanachama akifa twakodi gari, twanunua jeneza, twalisha watu siku nne. Halmashauri yaleta mbele yenu azimio kwamba sehemu ya mfuko huo itengwe kwa ajili ya walio hai: mzee au mgonjwa akimshitaki mtunzaji wake, chama kimlipe mtu mwingine wa kumtunza kwa muda wa miezi mitatu ya kwanza, mtu huyo achaguliwe na akina mama wa tawi, naye awe na daftari tangu siku ya kwanza. Wengine katika Halmashauri wamepinga, wakisema mfuko wa wafu usiguswe. Hoja yao imeandikwa katika ukurasa unaofuata ripoti ya mweka hazina, nanyi mtaisoma.

Kura itapigwa baada ya chakula. Wazee wa Mfangano wameomba wapewe nafasi ya kwanza ya kusema, maana mashua yao haitawangoja, nasi twaomba mkutano uwakubalie.